Rubani wa Kupanga Mabegi

Baba yangu,

Mwangaluka. Nakuamkia kwa Kisukuma kwa sababu huku niliko, nchi ya watu, hakuna hata mtu mmoja wa kuniitikia, na najua wewe utaitikia ukifika hapa hata kama sisikii. Mgongo unaendeleaje? Mama bado anakuchua kwa maji ya moto, au umekubali kwenda hospitali? Na mpunga je, mmeuwahi, au ndege wameula wote? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo inauma, na leo sitaki kuisemea uongo.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu yako, baba, unaiweka spika! Nikipiga tu nawasikia wazee wote wa kijiwe cha kahawa wanaitikia kwa pamoja, "Rubani, habari za angani!" na wewe unacheka mpaka unakohoa. Haya ya leo siwezi kuyasema mbele ya kijiwe. Ndiyo maana nimempa barua Bi Zuhura, yule mama mwenye duka la nguo Mwanjelwa, amekuja huku kufunga mzigo wa kwenda kuuza. Ataiacha kwa Masanja hapo Mbeya, na huyo mdogo wangu atakuletea Ubaruku. Isome mwenyewe. Usimpe mtu akusomee.

Baba, sirushi ndege. Sijarusha hata siku moja tangu nifike.

Usidhani nilifeli. Walinifanyia usaili, nikajibu. Wakaniingiza kwenye mashine yao inayoigiza ndege kubwa, chumba kizima kinatikisika na ukiangalia dirishani unaona uwanja kabisa na taa zake. Mzee mmoja mtahini amekaa nyuma yangu, hacheki wala hanuni. Akaniambia nitue kwa macho yangu, bila kuongozwa na mitambo. Basi mikono ikafanya ilichozoea. Nikashuka, nikapita chini chini juu ya uwanja, halafu nikapanda tena bila kutua.

Mzee akasimamisha mashine. "Kuna tatizo gani?"

"Hakuna, nilikuwa naangalia ng'ombe."

"Ng'ombe?"

Ikabidi nimweleze. Nikamwambia kwetu Usangu ndege ya madaktari ikija hupita kwanza mara moja, chini, na sisi watoto tukiisikia tunakimbia na fimbo kuwatoa ng'ombe wa baba kwenye uwanja, ndipo inarudi na kutua. Nikamwambia kulikuwa na dume moja jeusi, bishi, halitoki mpaka uliburute mkia. Nikamwambia hata nilipokuwa narusha watalii kutoka Iringa kwenda mbugani nilikuwa napita kwanza hivyo hivyo, maana swala nao hawana adabu. Yule mzee alicheka, baba, akavua miwani akajifuta macho. Kisha akasema, "Hapa hatuna ng'ombe, binti. Rudia." Nikarudia, nikatua vizuri kuliko ninavyotua siku zote. Nilifaulu kila kitu. Kampuni wakaniandikia kwamba wananitaka, na ndiyo siku ile nilipokupigia, mkapiga vigelegele hadi simu ikakata.

Sasa sikia upuuzi wenyewe. Kutaka kwao hakutoshi. Ili nirushe ndege hapa lazima leseni yangu ya nyumbani ibadilishwe iwe ya huku. Nikaenda ofisi ya leseni, wakasema tunabadilisha kwa mwenye kibali cha kazi tu. Nikaenda kwenye vibali, wakasema rubani hapewi kibali mpaka awe na leseni ya huku. Nikawauliza, sasa mimi nianzie wapi? Yule dada wa dirishani akaniangalia kama nimemtukana. "Utaratibu ndio huo." Nikazunguka hapo mpaka walinzi wakawa wananisalimia.

Kampuni ikasema itanisaidia, ikaniombea kibali yenyewe. Jibu likaja kwamba kiti cha rubani msaidizi ni cha vijana wa hapa kwanza, na mgeni anaruhusiwa tu kama ameshazoea ndege kubwa. Jamani! Ndege kubwa nitaizoea wapi kama kila mwenye nayo ananiambia nije nikiwa nimeizoea? Vijana wao siwaonei wivu, nao wana wazazi. Lakini mbona walinifanyisha mtihani? Mbona walinichekea, wakanipa mkono?

Na bado hujasikia linaloniuma zaidi. Mama mmoja wa ofisi ya kampuni, mtu mpole wala sina ugomvi naye, akaniita. Akasema wameniona nina bidii, wasingependa kunipoteza, kuna nafasi chini, sehemu ya mizigo, kusimamia mabegi yanayopakiwa ndegeni. Nikamuuliza, "Na kibali?" Akasema, "Hicho hakina shida." Na kweli, baba, kilitoka chap, hata chai yangu ilikuwa haijapoa vizuri! Wa kurusha ndege anaogopwa kama mwizi. Wa kubeba mabegi anafunguliwa mlango, anakaribishwa, anaulizwa kama atapenda kuanza leo.

Nilitoka pale nikaenda kusimama nyuma ya uzio, ndege zinapaa moja baada ya nyingine. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Halafu nikakukumbuka wewe. Ulihamia Usangu kutoka Usukumani, umelima hapo tangu mimi sijazaliwa, watoto wote umewazalia hapo, na mpaka leo ukisimama kwenye mkutano wa kijiji kuna mtu atanong'ona, "Huyo ni mgeni." Nilikuwa nakasirika ukikaa kimya. Nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kuchoka kujieleza.

Masanja anasema niwe na akili, nishike hiyo kazi ya mabegi, mambo yatajipa. Hayatajipa. Rubani akikaa chini muda mrefu leseni inalala, na kuiamsha ni kuanza mitihani upya, na kuilipia mitihani hiyo wewe huna tena cha kuuza. Zizi zima la ng'ombe lilikwenda ili mimi nisome. Sitaki lile zizi liwe limekwenda ili nipange mabegi.

Basi narudi. Bosi wangu wa zamani Iringa amesema kiti changu bado kipo, ila niwahi kabla watalii hawajaanza kumiminika. Kandege kale kale kadogo ka injini moja, kanakonuka mafuta. Nimekubali. Kwa hiyo ukisikia niko Iringa usishtuke.

Ombi langu ni moja. Kijiweni usinifichie. Waambie kwa mdomo wako mwenyewe kwamba mwanao alifaulu, akanyimwa kibali. Wakicheka wacheke. Mzee Sanga atasema alijua tangu zamani, maana yeye hujua kila kitu kikishatokea. Ila wewe usiinamishe kichwa, baba. Ukiinamisha wewe, mimi nitakuwa nimeshindwa kweli.

Nisalimie mama, mwambie kanga alizoagiza ziko kwa Bi Zuhura. Nisalimie shangazi mwenye mgahawa, asinipikie sherehe yoyote, nitakula ugali na samaki kama siku zote. Mke wa Masanja naye mpe hongera ya mtoto.

Bosi anasema ndege ya madaktari bado inakuja Usangu, na safari hizo atanipa mimi. Siku utakayosikia mlio, toka nje utazame. Nitapita kwanza chini, mara moja, juu ya ule uwanja wa majani, halafu nitageuka nitue. Huku wamenicheka lakini mkono haujaacha. Nitapita, baba, ingawa najua hakuna cha kufukuza pale. Hata lile dume jeusi uliliuza.

Binti yako,
Kabula