Kabichi Imeshinda

Baba watoto,

Usiiguse kabichi iliyo mezani. Ndani yake mna bapa la kisu chako kipya, limekwama. Mpini uko kwenye sinki, palepale ulipoangukia.

Watoto wakirudi shule, wamegee mkate kwa mkono.

Nimekwenda zahanati kushonwa kidole. ~~Leo silali hapo.~~ Nitarudi kabla ya giza, kwa ajili ya watoto tu.

Wewe fundi seremala mzima, hujawahi kununua ubao bila kuugonga, kuunusa na kuutazama kwa jicho moja kama umepinda. Muuza mbao akikuona anajificha. Lakini visu vya kulishia familia umevichagua kwa picha ya simu, umelala chali kwenye kochi, eti bei ya kutupa! Na nyota tano ukawapa wauzaji kabla hata boksi halijafunguliwa. Ukaandika: "Vikali sana, mke wangu amefurahi."

Ukiwa na njaa, kabichi ikate kwa msumeno wako. Ule uliujaribu dukani.

Nikitoka zahanati napitia kwa mama yako kukiomba kile kisu chetu cha zamani, ulichompelekea kwa mbwembwe ukisema sisi sasa tuna vipya. Ataniuliza kidole kimefanya nini, na unajua mama mkwe simfichi kitu.

Jioni simu ikilia, pokea mwenyewe.

Mke wako aliyefurahi