Mbwa wa Bi Adventina

Jumanne, jioni

Wangemuua kabla sijafika, kama si Bi Adventina kusimama mbele ya mbwa wake pale chini ya migomba. Majirani wa kijiji cha Rugu walikuwa wameshika fimbo. "Ana kichaa huyu, Daktari," wakasema.

Nilimwamkia kwanza yule mama. "Marahaba, mwanangu," akaitika. "Hajamuuma mtu."

Akanieleza kwamba mbwa huanguka, hutetemeka na kutoa povu, kisha huamka akatafuta chakula. Imekuwa hivyo tangu msimu uliopita wa kahawa. Mbwa mwenye kichaa haishi muda wote huo. Na chanjo nilimchoma mimi mwenyewe. Nikawaambia ni kifafa, na dawa yake ni vidonge, asubuhi na jioni, bila kuruka hata siku moja.

"Nitakuwa navificha kwenye ugali," akasema Bi Adventina.

"Na ukikosea, Daktari?" akauliza Deogratias, jirani wa mpaka mmoja. "Watakaoumwa ni watoto wetu."

Nadhani niko sahihi, lakini kudhani si... Nikasema basi afungwe, tumwangalie, na mtoto yeyote asimsogelee.

Deogratias aliweka fimbo chini, akaenda kwake kuleta kamba ya mbuzi. Alimfunga mwenyewe. Alipomaliza akapenyeza vidole kati ya kamba na shingo, akailegeza kidogo.

"Isimkabe," akasema, bila kunitazama.