Mama Mkwe na Funza wa Unga

Jumatatu, 2 Machi

Funza wamefika! Mwenye duka la chakula cha kuku kanijazia kikombe kizima, kakifunika na gazeti kama anauza karanga. Funza wa unga, ndivyo anavyowaita. Wembamba, rangi ya chai ya maziwa, wanakwenda mbio kama wamechelewa kazini. Kaniongezea na mbawakawa weusi wachache — hao ndio wazazi, watataga.

Nimewaweka chumba cha uani, ninakohifadhi sponji na vitambaa vya makochi. Mabeseni mawili ya plastiki, funza huku, wazazi kule. Pumba chini, vipande vya karoti juu. Maji hawataki, karoti inawatosha. Ukuta wa plastiki hawauwezi, wanateleza. Nimewatazama wakiteleza mpaka nikasahau kochi la mteja limelala barazani miguu juu.

Kuku nimewaonjesha. Mwenyekiti, yule jike jekundu anayejiona mwenye nyumba, aliruka nikakihofia kidole changu. Shangazi, jike jingine, kamnyang'anya mwenzao Kipara funza mdomoni kabisa. Heshima hakuna.

Mke wangu karudi kazini, kachungulia, kasema sawa. Ila siku atakapomkuta hata mmoja sebuleni, nitahama nao.

Alhamisi, 5 Machi

Mama mkwe kahamia kwetu. Goti linamsumbua, kuishi peke yake hawezi tena. Mke wangu anaimba jikoni! Tangu tuoane hajawahi kukaa na mama yake zaidi ya siku chache.

Mimi na mama mkwe sasa. Shikamoo mama. Marahaba baba. Basi, yamekwisha, tunatazama ukuta. Mke wangu akienda kazini tunabaki wawili mchana kutwa, yeye sebuleni, mimi barazani na stepla yangu, kila mmoja akimwogopa mwenzake kwa heshima. Nikitaka kupita kwenda chooni nakohoa kwanza kama nabisha hodi nyumbani kwangu.

Leo kawaona funza. Mimi hakuniambia neno. Alitoka uani akawaambia kuku. Haya nyie, kumbe mnafugiwa funza ndani ya nyumba! Na mtu mzima, mwenye akili zake!

Mimi nami, ningefanyaje? Nikamgeukia Mwenyekiti. Nikamwambia amweleze mgeni wetu kwamba hawa si funza wa chooni, wanakula pumba na karoti, ni wasafi kuliko mimi.

Akamwambia Kipara kwamba hilo la mwisho analiamini.

Jumapili, 8 Machi

Mama hali mayai. Anasema ameshiba. Kila siku ameshiba mayai yakiletwa mezani, yakiondolewa njaa inarudi.

Shemeji, mdogo wake mke wangu, kapiga simu. Ana nyumba kubwa, sakafu ya vigae, msichana wa kazi. Mama ahamie kwake, kwa nini abanane na funza? Mama kajibu kwamba atafikiri. Mke wangu kakaa kitandani na kiatu kimoja mkononi, hakivai wala hakiweki chini. Kaniambia, mama akienda huko hatarudi tena hapa, anajua.

Nikamwambia hataondoka. Nilisema kama vile nina uhakika.

Jumatano, 11 Machi

Siku nzuri. Kochi limekwisha, mteja kalikalia mara tatu akicheka peke yake. Mayai yameongezeka, ganda gumu, kiini cha njano kweli kweli. Funza oyee!

Mazungumzo ya kuku yanaendelea. Asubuhi mama kamuuliza Shangazi kama fundi wa nyumba hii huwa anakunywa chai au anakula misumari tu. Nikamjibu Shangazi kwamba fundi angefurahi kupata chai. Ikaja! Imewekwa kwenye ngazi, kimya kimya, sukari ya kutosha. Shangazi mwenyewe hakupata kitu, maskini.

Jioni mama kala yai. Nusu. Tukajifanya hatukuona.

Jumatatu, 16 Machi

Nimeishiwa nguvu.

Nilikwenda kupima viti vya mteja, narudi mchana, chumba cha uani kinanukia sabuni. Sabuni! Mabeseni yote mawili yamesuguliwa, yanang'aa. Pumba mpya, imechekechwa. Karoti zimemenywa. Mbawakawa wanazunguka juu kama wageni wa hoteli. Na pumba ya zamani je? Kuku wanaimalizia uani, Mwenyekiti kasimama katikati ya rundo kwa miguu yote miwili.

Mayai ya mbawakawa yalikuwa humo. Hayaonekani, yanagandana na pumba, mtu anaona vumbi tu. Wiki mbili za kutaga, zote tumboni mwa Mwenyekiti.

Mama alikuwa ameketi kwenye ngazi, mikono bado imelowa, anamwambia Kipara kwamba hata mdudu anastahili kulala pasafi. Uso wake! Sijamwona na furaha kama ile tangu aje. Nikamwomba Kipara afikishe shukrani zangu. Nikaingia ndani nikang'ata sponji.

Jumatano, 18 Machi

Kosa langu. Nilimsimulia mke wangu, akacheka mpaka akashika mbavu. Basi jana mezani naye akamsimulia mama, kwa mzaha tu, kama kitu cha kutuchekesha sote.

Mama hakucheka. Aliweka kijiko chini. Akasema, kumbe nimemharibia baba wa watu kazi yake.

Nikasema hapana mama, si kitu, watataga tena. Nilisema haraka mno. Akaniitikia kwa upole, ule upole wa mtu ambaye tayari amekwishakata shauri. Leo asubuhi nimemsikia kwenye simu na shemeji. Aje amchukue Jumamosi. Hapa hana analofanya, na anachogusa kinaharibika.

Afadhali ningeung'ata ulimi kuliko sponji.

Alhamisi, 19 Machi

Begi limefungwa. Mke wangu haimbi.

Nataka abaki. Nimeandika, basi. Si kwa ajili ya mke wangu tu. Baraza imekuwa kubwa ghafla. Kuku leo hawakusemeshwa na mtu, walisimama mlangoni kichwa upande wakisubiri. Nami nilikuwa nasubiri pamoja nao, stepla mkononi, mwanaume mzima.

Lakini nitamwambiaje? Mkwe hamshiki mama mkwe mkono akamwambia usiende. Na mke wangu keshamwambia, mama kajibu tu kwamba atakuwa anapiga simu.

Ijumaa, 20 Machi

Funza wakubwa wameanza kulala. Wanajikunja, wanakuwa weupe, laini, kimya kabisa. Wakiamka ni mbawakawa. Shida ni moja, wenzao walio macho wanawatafuna wakiwa usingizini. Sharti watolewe, mmoja mmoja, wapewe beseni lao.

Nimejaribu. Vidole vyangu vimezoea kuvuta kitambaa cha kochi mpaka kikae. Wa kwanza nikampasua. Wa pili nikampasua. Wa tatu nikamshika salama, kwa furaha nikamwangusha, nikamkanyaga.

Nikatoka uani nikawaambia kuku, kwa sauti. Wanangu, mwaka huu hatuna mbawakawa. Wazazi wale wamezeeka. Hawa wanaolala ndio tumaini letu, na mimi ni muuaji. Kazi hii inataka mkono uliochambua mchele maisha yake yote, mkono kama huo nitautoa wapi mimi?

Nilikuwa natania, na sikuwa natania.

Dirishani pazia lilisogea kidogo. Pengine upepo.

Jumamosi, 21 Machi

Naandika nimesimama, karatasi iko juu ya kabati la vyombo.

Shemeji kafika asubuhi, gari safi, kaliacha linaunguruma. Chai kainywa wima. Begi lipo mlangoni. Mama hayupo! Sebuleni hayupo, chumbani hayupo. Mke wangu kazunguka nyumba nzima.

Mimi nikaenda chumba cha uani kuchukua sponji, kusema kweli ili nisione watu wakiagana. Yuko humo. Kakalia stuli yangu, kavaa gauni la safari, kilemba kipya, sinia mapajani. Anawachukua wale weupe kwa kijiko cha sukari, mmoja mmoja, anawalaza kwenye bakuli kama watoto wachanga. Hakuna aliyepasuka hata mmoja.

Kuku hawakuwamo. Hakuwa na wa kumtuma. Akainua macho, akaniambia mimi mwenyewe, baba, vidole vyako hivyo viache kwenye makochi. Kisha akauliza wanaamka lini.

Nikamwambia wiki moja, pengine mbili, inategemea joto.

Na kutaga?

Nikasema baada ya hapo, mama, wanachukua muda.

Akachota mwingine.

Shemeji kaja mpaka mlangoni, kakunja pua, kasema mama, twende, jua linakuwa kali. Mama kamwambia asimzibie mwanga. Tena amwambie dada yake bakuli hili limejaa.

Shemeji karudi garini. Mke wangu yuko kwenye korido, begi kalishika kwa mikono miwili, halipeleki nje wala halirudishi ndani. Ananitazama. Mimi sitaki kumtazama, nikimtazama nitacheka au nitalia, na shemeji yupo.

Nimetumwa bakuli. La kioo silitaki, linateleza mkononi. Lile la bati liko juu huku — nimelipata.

Honi inapigwa. Mama anaita kutoka uani, bakuli liko wapi, nao wanazidi kulala —