Sekunde kumi za kuchagua

Maulida, uko hewani? Leo nimeumbuka ofisini.

Unaikumbuka laptop ya marehemu mume wangu Theodory. Imezeeka, ndiyo maana aliniwekea mfumo wa Linux niutumie mimi, Windows akabaki nayo yeye. Ukiiwasha inakupa sekunde kumi uchague mfumo. Usipochagua inaingia kwake.

Miaka miwili tangu azikwe sijaiacha iingie kwake. Miwili, shoga.

Leo mwalimu mkuu kataka nichape mtihani. Nimewasha, nikageuka kumjibu Sufiani habari za boti ya kesho. Kurudi, imeshaingia.

Ukatokea ukumbusho aliojiwekea, katikati ya kioo: "Leo ni siku ya kuzaliwa ya Wilhelmina. Mpongeze mapema, ukisahau kama mwaka jana utanuniwa wiki nzima."

Sufiani akausoma kwa sauti. Mgeni huyu, hajui. Akacheka, "Mwalimu, nani huyo anakuogopa hivyo?"

Mwalimu mkuu akajifanya anatafuta kalamu.

Utanuniwa wiki nzima. Kaandika vile vile, Maulida, kama alivyokuwa anasema.

Nikadanganya kwamba chaji imeisha, nikaja nayo nyumbani.

Tangu asubuhi hakuna aliyenipigia kunipongeza. Hata wewe. Sikulaumu. Nakulaumu kidogo.

Sasa hivi nimeiwasha tena. Ikahesabu kumi, tisa, nane, mikono nimeiweka mapajani mpaka ikaingia kwake.

Ujumbe umerudi. Chini yake inauliza kama imkumbushe tena mwakani.

Nimebonyeza ndiyo.