Mchanga Chini ya Ufa

Jumapili, 11 Januari

Skuli, chakula, hesabu. Ngozi ya mikono bado inawasha pale tepu ya kupandia ilipobanduka. Jambo hili sijamwambia mtu: jana mchanga ulikuwa majimaji, nami nikasema mkavu.

Kazi ya kuchimba ni yangu. Kocha wetu wa kupanda miamba, Wekesa, Mkenya anayefanya kazi hotelini Qurum, alinipa kwa sababu nasoma kila kibao. Kibao cha hifadhi tunakopanda kinasema: baada ya mvua, chimba chini ya mwamba hadi kiwiko. Ukikuta unyevu, usipande. Jiwe la mchanga hunywa maji likalegea.

Mvua ilinyesha Jumatano. Tulikuwa tumesafiri saa nne kwa gari kutoka nyumbani Wattaya. Ilikuwa siku ya binamu yangu Nasra kutangulia na kamba, kupanda wa kwanza akipachika vyuma njiani, mara yake ya kwanza. Nilipopiga magoti kuchimba, wenzetu wakacheka.

"Haya mufti," Nasra akasema, "leo kupanda nako haramu?"

Nilichimba kina cha vidole vitatu tu, mchanga baridi, unaganda mkononi. Nilitaka mara moja nisiwe mimi wa kukataza.

Nasra alipanda ufa wa mwamba vizuri, akibana ngumi ndani yake moja baada ya moja. Karibu na juu akateleza. Chuma alichopachika ufani kushikia kamba kikang'oka pamoja na kipande cha ukingo, kikubwa kama sinia. Chuma cha chini yake kikamshika. Kifundo cha mguu kimevimba. Mwamba una kovu jeupe. Halitapona.

Jumatatu, 12 Januari

Kocha ameamua. Nasra alipachika vibaya, hatatangulia tena msimu huu. Nasra hakujitetea. Anaamini.

Bibi anamkanda kwa mafuta. "Nna khofu na mguu huu," anasema, ananitazama mimi. Labda hanitazami.

Jumatano, 14 Januari

Nasra amenipa viatu vyake vya kupandia.

"Chukua, mufti. Mie sina mkono wa kupachika."

Nimevichukua. Nimevichukua! Mimi mwoga. Viko chini ya kitanda na sipati kusoma.

Alhamisi, 15 Januari

Nimemwambia Nasra. Nilivirudisha viatu, nikasema yote nikiwa nimesimama mlangoni. Akavipokea.

"Ungesema tu," akasema. "Tungekula mishkaki tukarudi."

Hakuniita mufti.

Kisha nikampigia Kocha. Sauti yake haikupanda. "Wewe ndiye nilikuwa naamini," akasema. Heri angepiga kelele.

Jumamosi, 17 Januari

Tulikwenda tena. Nilimwendea mlinzi wa hifadhi kabla sijashusha mkoba, nikamweleza kwa Kiarabu. Yeye alidhani ukingo umeanguka wenyewe. Akatembea nami hadi kwenye ufa, akagusa kovu kwa kiganja, akaandika jina langu. Ufa ule ameufunga. Nyufa zilizobaki ametuachia, kwa masharti yale yale ya kibao.

Kocha alimwomba Nasra radhi mbele ya wote. Mguu ukipona atatangulia.

Kisha akampa yeye kazi ya kuchimba. Nasra alikaa chini, mguu mbovu kaunyoosha, akachimba chini ya mwamba mwingine hadi kiwiko. Akatoa mkono, akapangusa vidole kimoja kimoja.

"Mkavu."

Wenzangu wakavaa viatu. Mimi sikupanda; nikawashikia kamba mpaka tulipoondoka.