Kisu Kilichoshinda Fenesi

Shikamoo Baba,

Nimekupatia kisu cha kukunja! Hapa gulioni Mkuyuni, mama muuza mafenesi alinizuia nisilipe kabla hajavijaribu visu vitatu nilivyochagua. "Mwanangu, kisu kinapimwa kwa utomvu," akasema, akapasua fenesi. Cha kwanza kikaganda wazi, hakikunjiki tena. Cha pili kikalegea bawaba. Cha tatu kikakata, akakifuta kwa mafuta ya kula, kikajifunga tak! Tukashangilia kama wehu, hata muuza visu. Ikabidi fenesi lote tulile. Vidole vinanata bado, ndiyo maana kadi hii ina unyoya wa kuku.

Kwa furaha hii naungama: kile kisu chako cha zamani hakikuibwa. Nilikitumbukiza chooni mimi.

Menya machungwa yako kwa raha, Baba. Nimenunua viwili vya aina ya kile cha tatu, maana najijua.

Mwanao,
Neema