Evarista, Meza Yako ya Kemia Bado Ipo Barazani

Jumanne ya tarehe 18 Machi mwaka jana, saa kumi na mbili kasoro robo jioni, maji ya korongo yalikuchukua, Mama Hilary. Leo mwaka umetimia. Watu wananiambia nitazoea. Mimi, mbwa akibweka jioni, bado nainuka kukufungulia geti.

Wengi hapa Kansay walikujua kama Madamu Evarista, mwalimu wa kemia. Mimi nilikujua kabla hujawa madamu. Ulikubali kuolewa na mtu wa darasa la nne, ndugu zako wakanuna, na hukuniona mjinga hata siku moja. Ukitoka shule unavua viatu, unaosha miguu kwenye beseni, unakunywa chai ya rangi vikombe viwili, ndipo unanipa habari. Kikombe cha pili ulikuwa hukimalizi. Nilikuwa nakimalizia mimi.

Meza ya barazani uliianzisha mwenyewe. Shule nzima mwalimu wa kemia alikuwa mmoja, na darasa lina watoto sabini na kitu. Ukaona wanakariri tu bila kuelewa. Ukawaambia wale wa kidato cha tatu wanaokaa upande wetu wa korongo wawe wanapita nyumbani na maswali yaliyowashinda. Mlikuwa mnatoka shule pamoja saa tisa, mnavuka korongo likiwa kavu, maana mvua ya juu hushusha maji jioni. Mlango wa stoo tuliupaka masizi ya betri kuukuu ukawa ubao. Hukupokea kitu, hata kibaba cha mahindi.

Jibu hukuwa unawapa. Mtoto akilalamika, "Madamu, hili gumu," unamwambia, "Lisome tena. Umepewa nini? Umeulizwa nini?" Hata mara tatu, mara nne. Mimi nilikuwa naona huruma, natamani uwape waende zao. Wewe unachambua mchicha huku unawasubiri.

Unamkumbuka Nosim, yule binti wa Endulen anayekaa kwa mjomba wake hapa? Alikuwa anasawazisha hesabu ya hidrojeni na oksijeni kutoa maji. Oksijeni upande mmoja mbili, upande mwingine moja. Akachukua namba mbili ndogo akaibandika kwenye oksijeni ya maji, akafurahi zimelingana.

"Nosim, hayo si maji tena," ukamwambia. "Umetengeneza dawa ya kuoshea vidonda. Utakunywa?"

"Hapana, madamu."

"Kwenu ng'ombe ana miguu mingapi?"

"Minne."

"Ukitaka miguu minane unafanyaje?"

"Naongeza ng'ombe wa pili."

"Sasa mbona huku unamshonea ng'ombe miguu? Namba ndogo usiiguse. Ongeza ng'ombe, andika namba kubwa mbele."

Kauthar, binti wa mzee Omary wa dukani, akadakia, "Madamu, ng'ombe wa kina Nosim wana miguu sita, ndo maana wanawahi machungani!"

"Bora wetu," Nosim akamjibu. "Wa kwenu nawajua wakiwa robo kilo ya nyama tu."

Ulicheka mpaka mchicha ukamwagika.

Lakini siku ya moli ndiyo siisahau. Swali lilisema moli moja ya maji ni gramu kumi na nane, je, gramu tisini ni moli ngapi? Watoto sita, majibu sita. Mmoja kazidisha, mwingine kagawa kinyume. Moli yenyewe hawakujua ni kitu gani. Ukawaeleza kwamba ni idadi ya chembe, nyingi mno, hakuna anayeweza kukaa azihesabu. Kauthar akauliza, "Sasa kama hazihesabiki, tunajuaje ziko ngapi?"

Nilikuwa pembeni nafunga magunia ya ngwara, haya maharage yetu ya huku. Nikaropoka, "Kwani mimi kwenye gunia nahesabu punje? Napima. Nikishajua punje mia zina uzito gani, uzito wa gunia wenyewe utaniambia punje ziko ngapi." Nikaona nimeingilia mambo ya wasomi.

Ukaweka chaki chini. "Baba Hilary, rudia hapo."

Nikarudia. Ukamtuma Kauthar mzani mdogo wa dukani kwao. Mkahesabu punje mia za ngwara, mkaweka sahani hii, punje mia za mahindi sahani ile, mzani ukalala upande wa mahindi. Idadi ile ile, uzito mbalimbali. Ukawaambia hivyo ndivyo moli ya maji na moli ya chumvi zisivyolingana uzito. Nosim akagawa tisini kwa kumi na nane, akapata tano, akaruka juu. Nawe ukasema mbele yao wote, "Leo mmefundishwa na mume wangu." Mimi cheti sina hata kimoja, lakini jioni ile nilitembea kama mtu aliyekabidhiwa.

Halafu Ijumaa ya tarehe 21 Februari ikaja barua yenye mhuri wa ofisi ya elimu. Ilisema kwamba kutokana na malalamiko yaliyopokelewa, uache mara moja kukusanya wanafunzi nyumbani, na msaada wowote utolewe shuleni baada ya vipindi vyote kwisha.

Nikakuambia, "Achana nao, mama. Si wamekukataza? Pumzika."

"Nikipumzika, hawa watoto nani atawasaidia?"

"Waliokuandikia barua."

Ukanipiga bega na kitenge. "Wewe baba una maneno."

Ukaanza kuwafundisha kule kule shuleni mpaka saa kumi na moja, mnarudi jioni, saa zile zile maji yanaposhuka. Jumanne ile huku kwetu jua lilikuwa kali. Mvua ilinyesha juu, upande wa msitu. Nosim ndiye aliyenisimulia. Maji yalikuwa ya kifundo cha mguu. Ukawavusha mmoja mmoja, wote sita, ukabaki wa mwisho na madaftari yao kichwani. Yakaja na mngurumo. Tulikupata asubuhi, chini kabisa kwenye mashamba ya vitunguu.

Wakubwa walikuja mazishini na mashati ya kunyooshwa. Wakakuita nguzo ya elimu. Barua hawakuitaja. Wakala, wakaondoka kabla hatujamaliza kufukia.

Nimekwenda kwao mara tatu, mke wangu. Mara ya mwisho yule bwana mwenye mhuri aliniambia, "Mzee wangu, hayo ni mambo ya ofisi."

"Aliyekufa si wa ofisi. Ni wa nyumbani kwangu. Nitajie tu aliyelalamika."

"Mlalamikaji tunamlinda, mzee."

"Na mwalimu mlimlinda?"

Akashika simu yake akaanza kuitazama.

Nikaamua kuzunguka mwenyewe nyumba kwa nyumba, kwa wazazi wa watoto wote sita. Mzee Omary alikasirika hasa: "Baba Hilary, mwanangu afundishwe bure halafu mimi nilalamike? Nina wazimu?" Mzee Parmuat, mjomba wake Nosim, alinishika mkono, hakuuachia. "Mimi nilikuwa naogopa ninyi mtachoka na kelele zao," akasema. Kila nyumba ni hivyo hivyo. Nikauliza mpaka majirani, mpaka kigangoni. Hakuna.

Watoto wako wa mezani sasa wako kidato cha nne. Mwalimu mwingine wa kemia hajaletwa. Wanapita nyumbani saa tisa kama zamani, wanakaa mezani kwako, aliyeelewa anamfundisha asiyeelewa. Mimi nawachemshia chai. Barua ya kuwakataza haijaja. Ikija, mimi si mtumishi wa mtu, labda wanifukuze ukulima.

Misa ya kukuombea ni leo Jumatano jioni, kigangoni. Tunaokukumbuka ni mimi mumeo Josephati, watoto wako Hilary na Martha, mkweo Leonce, dada yako Brigita, na mjukuu wako aliyezaliwa mwezi Agosti, ambaye tumempa jina lako. Wako pia Nosim, Kauthar na wenzao wa mezani. Maadamu tuna pumzi, jina lako halitakauka midomoni mwetu, Evarista.

Na wewe unayesoma hapa, kama unajua, niambie. Sitagombana na mtu, nataka kujua tu: huyo aliyelalamika ni nani, na meza ile ilimkosea nini?